Upana wa Pigo

Watu wa karakana walishaacha kumwonea Rozalia huruma, maana huruma yenyewe haikupata pa kushika. Alirudi kazini wiki ileile waliyoanua matanga, akavaa koti lake la bluu, akaketi mbele ya meza yake na kuendelea na redio ya lori aliyoiacha wazi kabla ya msiba. Hakulia pale kazini, na waliokwenda kumzika mumewe Iringa walirudi wakinong'ona kwamba hata makaburini hakulia. Wengine walisema ana moyo wa jiwe. Wanawake wanaouza parachichi kando ya barabara kuu pale Iyunga walisema jiwe nalo hupasuka, ngojeni tu.

Mwenyewe alikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha: unauona ni wako, unauinua, lakini haukujibu. Siku moja alishika chuma cha kuyeyushia risasi akidhani ni bisibisi, na aliyepiga kelele alikuwa Rabson, mwenye karakana.

"Dada Roza, unaungua!"

Aliutazama mkono. "Eh," akasema, akaenda kuuweka chini ya bomba.

Mumewe, Liberatus, alifia Rujewa mwezi wa kumi na moja, huko bonde la Usangu alikokuwa amekodi shamba la mpunga. Alikutwa mchana amelala kifudifudi kando ya uzio wa umeme wa jirani yake, mfugaji mmoja aitwaye Ndalahwa. Polisi walikuja, wakaandika kwamba ni ajali, wakaichukua mashine ya uzio, na baadaye wakairudisha kwa mwenyewe. Hakuna aliyeipima. Sosthenes, kaka mkubwa wa marehemu, alisema yeye hahitaji kipimo. Alisimama msibani mbele ya watu akatamka kwamba yule Msukuma amemwua mdogo wake makusudi kwa sababu ya mpaka wa shamba, na kwamba hatatulia mpaka ahame Usangu na ng'ombe wake wote. Kila alipopata nafasi alimpigia Rozalia simu kumrudia maneno hayohayo. Rozalia alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya, shemeji," kisha akakata.

Basi asubuhi moja ya Februari, manyunyu yakianguka na ukungu ukiwa umeufunika mlima, aliingia karakanani mzee mrefu, mwembamba, kofia kichwani, amebeba sanduku lililofungwa kwenye kiroba cha mbolea. Aliliweka sakafuni polepole kama mtu anayelaza mtoto.

"Shikamoo," alisema Rozalia.

"Marahaba, mama. Wewe ndo mke wa Liberatus?"

"Ndiye mimi."

"Mimi ndo Ndalahwa."

Rabson aliinuka mezani kwake akaja na nyundo mkononi, ingawa huenda hakukumbuka kwamba ameishika. "Mzee, umepotea njia. Toka hapa kabla sijasema neno baya."

"Mwache aseme," alisema Rozalia. Hakusema kwa ukarimu wala kwa hasira.

Ndalahwa alibaki amesimama. "Nimeambiwa mashine ya kupima umeme unavyokwenda iko hapa. Nimeleta sanduku la uzio. Nataka ulipime."

"Kwa nini mimi?"

"Akipima mtu mwingine akasema ni zima, wewe hutaamini. Akisema ni bovu, mimi nitatafuta sababu ya kukataa. Ukipima wewe, nitaamini lolote utakalosema."

"Hata nikidanganya?"

"Utakuwa umedanganya juu ya mume wako. Hilo siwezi kukuzuia. Mama, mimi sijui kama nimeua mtu au sijaua. Watu wote wanajua, wa huku na wa kule. Mimi peke yangu ndo sijui."

Rozalia aliinama, akafungua kiroba, akalipandisha sanduku mezani. Kazi ilikuwa kazi. Aliondoa skrubu, akaangalia ndani, akasafisha vumbi la Usangu kwa brashi. Kisha akatoa kwenye droo kipande kinene cha rangi ya udongo, kikubwa kama gunzi la hindi, akakifunga kati ya nyaya mbili za kutokea umeme.

"Hicho ni nini?" aliuliza Ndalahwa.

"Hiyo ni rezista. Inasimama badala ya mtu. Mtu akishika waya, mwili wake unapitisha umeme kiasi fulani. Rezista hii inapitisha kiasi hichohicho. Bila kuiweka, kipimo hakina maana."

Mzee alivua kofia yake. Rabson aligeuza uso.

Rozalia aliwasha osiloskopu, ile mashine yenye kioo kinachochora umeme ili jicho liuone, akaichomekea waya wa kupimia, halafu akawasha sanduku. Tik. Katika kioo kilichomoza kilima kimoja cha kijani, kikafuatiwa na mstari mnyoofu. Tik. Kilima kingine. Kila kilipochomoza, rezista haikuonyesha dalili yoyote. Ilikuwa imelala tu mezani.

"Kila kilima ni pigo moja la umeme," alisema. Sauti yake ilikuwa ileile anayowaelekezea wateja namna ya kuchaji betri. "Kimo chake kinakwambia ukali. Upana wake unakwambia pigo limedumu muda gani. Watu wanaogopa ukali. Lakini kinachoua zaidi ni upana."

"Kivipi?"

"Pigo likiwa fupi, mtu anashtuka, mkono unaruka, anaondoka anakutukana. Pigo likiwa refu, misuli inakaza. Anataka kuachia waya lakini mkono wake mwenyewe unamkatalia."

Alisimamisha picha isikimbie. Ndalahwa alisogea karibu, akakunja macho. "Sasa upana huo unaanzia wapi? Naona kinaanza kidogokidogo, na kinaisha kidogokidogo."

Lilikuwa swali zuri, na Rozalia alilijibu kama lilivyostahili. "Kijijini kwenu kuna vichuguu?"

"Vimejaa."

"Ukiambiwa upime upana wa kichuguu, chini kule utaanzia wapi? Udongo wake umesambaa, umechanganyika na ardhi. Huwezi kujua kinaanzia wapi. Kwa hiyo unapima kiunoni. Na sisi ni hivyo. Tunatafuta nusu ya kimo wakati umeme unapanda, tunaweka mstari. Tunatafuta nusu ya kimo wakati unashuka, tunaweka mstari wa pili. Kilicho kati ya mistari miwili ndio upana wa pigo."

Aliiweka mistari. Akasoma namba. "Chukua sekunde moja, uigawe vipande elfu. Pigo lako halifiki vipande kumi. Halafu kuna kimya kirefu, zaidi ya sekunde nzima, ndipo linakuja jingine. Kimya hicho ndicho kinachompa mtu nafasi ya kuachia." Alizima sanduku. "Limeungwa ovyo, wala halifai kuuzwa. Lakini kwa kipimo hiki halikumwua."

Rabson alishusha pumzi, akaiweka nyundo chini. "Umesikia, mzee. Umepona. Chukua mzigo wako uende."

Rozalia alikuwa tayari anafungua nyaya. Alijiuliza kama kuna kitu anapaswa kusikia ndani yake, akangoja kidogo kama mtu anayebisha hodi, hakuna aliyeitika. Kama si uzio, basi ni moyo, au damu, au jua. Yote yalikuwa sawa. Liberatus angebaki palepale alipo.

Ndalahwa hakuondoka. Alikuwa akiizungusha kofia mikononi.

"Hapa kwenu ni baridi," alisema.

"Mbeya ndivyo ilivyo," alijibu Rabson.

"Kule kwetu ile siku jua lilikuwa la kuchoma. Na sanduku nilikuwa nimelifunga chini ya bati, ukutani. Mchana ukiligusa, mkono haukai."

Nje, gari la mizigo lilipita likishuka kuelekea mjini.

"Mzee wangu," alisema Rabson kwa upole safari hii, "unajua unachokisema?"

"Najua."

Rozalia alimtazama yule mzee kwa mara ya kwanza tangu aingie. Kisha akarudisha rezista mahali pake, akaifunga tena kila waya, akachukua blowa, ile feni ya hewa ya moto wanayoyeyushia risasi kwenye simu, akaiweka joto la chini na kuuelekeza mdomo wake ndani ya sanduku.

Mwanzoni hapakuwa na tofauti. Tik. Kilima kimoja. Tik. Kilima kimoja. Akasogeza blowa. Mara kilima kikazaa mwenzake. Vikawa viwili vimeshikana mabega. Tik ikawa na mkia. Vikawa vitano. Vikawa safu, na ule mstari mnyoofu uliokuwa katikati ukaanza kuliwa, ukafupika, ukafupika, mpaka sauti ya sanduku haikuwa tena tik bali mvumo mmoja, kama nyuki waliofungiwa kwenye debe. Kioo kizima kilijaa vilima, vinaingia upande huu na kutokea upande ule bila mwisho.

Alisimamisha picha, maana ndivyo alivyofundishwa. Aliweka mstari wa kwanza pale umeme ulipopandia. Mstari wa pili haukuwa na pa kukaa. Aliusogeza kulia, akausogeza tena mpaka ukingo wa kioo, na bado umeme haukuwa umekoma.

Ndipo Rabson aliponusa. "Dada Roza. Rezista."

Rezista ilikuwa inafuka moshi. Rozalia alizima sanduku. Akazima blowa. Akaenda kufungua dirisha, akasimama hapo manyunyu yakimpiga usoni, akahesabu parachichi kwenye beseni la mama mmoja wa barabarani, akasahau amefikia wapi, akaanza upya.

"Ndo mimi, basi," alisema Ndalahwa nyuma yake.

Rozalia alirudi mezani, akaonyesha kwa ncha ya bisibisi. "Ni hiki. Kapasita. Ndiyo inayohesabu muda wa pigo. Hii ni ya bei rahisi, ikipata joto inavuja, na ikivuja haijui tena wakati wa kukata."

"Lakini uzio ni wangu."

"Ndiyo," alisema. "Uzio ni wako."

Mzee aliketi kwenye kigoda cha wateja. Alieleza, bila kuulizwa sana, kwamba sanduku aliuziwa na fundi mmoja wa kupita, mwenye pikipiki, ambaye hakuonekana tena. Aliweka uzio ili ng'ombe wake wasitoke usiku kwenda kula mpunga wa watu. Shamba la kwanza kupakana naye lilikuwa la Liberatus. Wawili hao walipanga pamoja mahali pa kupitisha waya.

"Fundi huyo aliwauzia na wengine?" aliuliza Rozalia.

"Kuna mama mmoja jirani, Atuganile. Wake unawaka mpaka leo."

Rozalia alivua koti la bluu, akachukua sweta lake. "Rabson, naomba gari."

*

Waliteremka barabara kuu, wakaiacha baridi juu kule Uyole, na walipopita Chimala joto likaanza kuingia madirishani. Rozalia ndiye aliyeendesha. Tangu msiba alikuwa hajafika Usangu. Bonde lilikuwa limefunguka mbele yao, kijani mpaka macho yachoke, mpunga ukiwa umefika magotini na maji yakimetameta katikati ya majaruba. Ndalahwa alielekeza njia walipokata kuingia Rujewa.

Atuganile aliwapokea uani, mwanamke mnene mwenye sauti ya kanisani, khanga kiunoni. Nguo zake alikuwa amezianika kwenye kamba iliyopita karibu sana na uzio.

"Nizime?" alisema baada ya kuombwa azime uzio wake. "Nikizima leo, kesho sina mpunga. Ng'ombe wa nani watakula? Si wako wewe Ndalahwa? Mimi nimekaa na uzio huu mwaka wa pili, haujagusa hata kuku."

"Wangu pia ulikuwa haujagusa hata kuku," alisema Ndalahwa.

"Na huyu dada ni nani? Wa serikali?"

Rozalia alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza. Sanduku lilikuwa limepigiliwa kwenye ukuta wa banda linalotazama jua, na kutoka pale hakusikia tik. Alisikia mvumo, mwembamba, ukija na kukatika, ukija tena ukikaa zaidi.

"Mama, watoto wako wapi?" aliuliza.

"Wajukuu? Wako huko wanacheza. Kwa nini?"

Ndalahwa ndiye aliyesema. "Uzio wangu ndio uliomwua Liberatus, mama Atu. Tumeupima leo. Huyu ndiye mkewe, na ndiye aliyeupima."

Atuganile alimtazama Rozalia, akamtazama kuanzia viatu mpaka kichwani. Kisha akashika khanga yake, akakimbia, mwili wote ukitikisika, kuelekea bandani, akang'oa plagi kwa nguvu hata soketi ikachomoka ukutani. Mvumo ukakatika. Alirudi amebeba plagi mkononi, soketi ikining'inia, anahema, machozi yanamtoka.

"Pole, mwanangu," alisema, akimkumbatia Rozalia. "Pole sana. Ndaga mwanangu," akarudia pole ileile kwa Kinyakyusa.

Rozalia alisimama ndani ya mikono ile. Alisikia jasho la yule mama, na harufu ya moshi wa kuni. "Asante," alisema, kwa sababu ndilo neno linalofuata.

Jioni ile Ndalahwa aling'oa waya wake wote, na siku chache baadaye ofisi ya kata ilipita nyumba kwa nyumba kuuliza nani mwingine aliuziwa. Walipatikana wawili zaidi. Fundi wa pikipiki hakupatikana.

*

Lililobaki lilikuwa Iringa. Rozalia alitaka kwenda peke yake, lakini Ndalahwa alikataa.

"Utasema nini? Kwamba mwuaji amebaki nyumbani anakamua maziwa?"

Wakapanda basi la asubuhi. Kwa wakweze Rozalia ni nje kidogo ya mji, nyumba ya matofali ya kuchoma yenye msalaba wa mbao juu ya mlango. Mama mkwe, Bibi Veneranda, alitoka akiwa anafuta mikono.

"Kamwene, mwanangu. Mbona hukutoa taarifa?" Akamwona mzee nyuma. "Na mgeni?"

Sosthenes alikuwa ndani. Alipotoka na kumtambua Ndalahwa, uso wake ulibadilika.

"Shemeji, umemleta huyu hapa? Kwa mama?"

"Kaa, shemeji," alisema Rozalia. "Nimepima mashine."

Akawaeleza. Hakuficha wala hakupamba. Alisema mashine ikiwa baridi ni nzima, ikipata joto inabadilika, na siku ile joto lilikuwepo. Alisema ni nani aliyekumbusha habari ya joto.

"Kwa hiyo ndiye," alisema Sosthenes. "Nilisema mimi. Nilisema!"

"Ulisema alikusudia. Hakukusudia."

"Mdogo wangu amekufa au hajafa?"

"Amekufa, shemeji."

Sosthenes alikuwa amebeba hasira yake kwa miezi yote hiyo kama mtu aliyebeba gunia refu, na sasa hakujua alitue wapi. Alitoka nje.

Bibi Veneranda alikaa, mikono magotini, akimtazama Rozalia.

"Aliumia muda mrefu?" aliuliza.

Hilo ndilo swali ambalo osiloskopu ilishindwa kulijibu, na Rozalia alilijua tangu mstari wa pili ulipokosa pa kukaa. Alifikiri kwanza.

"Umeme uliendelea, mama. Hilo siwezi kukuficha. Lakini moyo ukishakamatwa namna ile, kichwa hakipati damu, mtu anapoteza fahamu mapema sana. Kuvuta pumzi mara chache. Baada ya hapo hajui tena."

"Kuvuta pumzi mara chache," alirudia mama mkwe.

"Ndiyo."

Mama alilia hapo, bila sauti, akajifuta na ncha ya khanga. Alipomaliza alimgeukia Ndalahwa, aliyekuwa bado amesimama mlangoni kofia mkononi. "Baba, kaa. Mtu hatoki Rujewa akasimama mlangoni. Mmekula?"

Walikula ugali na mboga ya maboga. Rozalia alikusanya vyombo akaenda kuviosha jikoni, kwenye kijumba cha nyuma. Maji yalikuwa ya moto, alitumbukiza mikono.

Kupitia dirishani alisikia sauti ya Sosthenes, imeshuka, imechoka. "Wewe ndiye uliyemkuta?"

"Mimi ndo niliyemkuta."

"Hebu niambie. Hakuna aliyeniambia."

"Hakuna aliyeniuliza," alisema Ndalahwa. "Nilikuwa natoka kunywesha ng'ombe. Niliona viatu kwanza. Nikadhani amejipumzisha. Halafu nikaona ndama wangu. Alikuwa amenasa kwenye waya, kichwa upande huu, mwili upande ule, ameshakufa, nikadhani waya umemnyonga. Na mkono wa ndugu yako ulikuwa shingoni mwa ndama. Nadhani alitaka kumtoa. Sasa, baada ya kipimo, nadhani alimwona bado anatikisika kwa umeme, akadhani ni mzima. Polisi niliwaambia, hawakuandika."

Tofali lilikwaruza chini, Sosthenes akisogea karibu.

"Nilikimbia kuzima. Nikarudi nikamgeuza. Nilimfunika uso kwa kofia, hii hapa, jua lisimpige. Nikakaa naye mpaka watu wakaja. Nilimsemesha kidogo. Kwa Kisukuma, ndicho kilichonijia."

Rozalia alikuwa amesimama, sahani mkononi, povu likimtiririka mpaka kwenye kiwiko. Kuna kitu kilikuwa kimeanza kumuuma. Alichukua muda kugundua kwamba ni mikono, kwamba maji yale yalikuwa ya moto kupita kiasi na alikuwa ameyavumilia muda wote huo. Aliweka sahani chini, akatoka nje bila kujifuta, akaketi juu ya tofali kati ya wale wanaume wawili.

"Rudia, mzee," alisema. "Anzia pale ulipoona viatu."